Korosho Moja Juu ya Mawingu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Lisekese ananiuliza swali moja tu. Hamniulizi Mwanza kukoje. Hata mgonjwa mnamuulizia mwishoni, mkishanyanyuka kwenda. Mnaanza na: "Baba Hawa, eti ndani ya ndege wanawapa chai? Wanawapa na nini?" Mzee Chilumba ameniuliza mara tatu, na mara zote nimemjibu, "Korosho moja," naye anaondoka amenuna, anadhani namnyima habari.

Basi nimechukua lile daftari ninaloandikia siku za kupuliza dawa mikorosho, nimeligeuza nyuma, naandika. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mkiona njia inapinda, pindeni nayo, tutatokea mbele.

Lisekese mpaka Newala, kufuata maji

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mama Hawa yuko jikoni anabanika korosho za kwenda kuuza stendi ya Masasi, mimi niko pembeni naonja. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi, magoti yamekataa jembe. Yeye anabangua, anabanika, na kabla hajafunga kwenye vipakti mimi nachukua punje moja kila kundi, nang'ata. Korosho nzuri inavunjika mara moja, kavu, na jino linasikia. Iliyoshika unyevu inalala kwenye jino kama mpira. Nikisema "hapana" anairudisha motoni. Miaka mingi tumefanya hivyo, kila asubuhi, mara nyingine hata kabla hatujasalimiana. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Simu ikalia. Alikuwa Masanja, mume wa Somoe, yuko Mwanza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Si nzuri. Somoe kakataa."

"Kakataa nini?"

"Kakataa kupasuliwa. Ule uvimbe wa tumboni umekuwa mkubwa. Daktari anamtaka mezani Alhamisi saa nne asubuhi. Amesema tukiahirisha tena tusimuulize yeye. Somoe anasema hapandi meza ile mpaka neno lako limtoke. Tiketi nimeshakukatia, mjomba. Ndege ya Alhamisi alfajiri kutoka Dar. Wewe fika Dar tu."

Nikakaa juu ya kinu. Sikumuuliza neno gani. Nalijua.

Somoe ni mtoto wa dada yangu Fatu, tumbo moja. Na nyie wote mnajua kwetu mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Baba anamzaa, lakini mjomba ndiye anayefunga na kufungua. Masanja ni Msukuma, kwao mambo ni mengine, siku ya kuoa ilibidi aelezwe mara mbili na bado alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoijua.

Fatu alifariki miaka minne iliyopita, Newala, alfajiri. Tukamzika alasiri ileile, kama dini inavyotaka. Somoe akafika siku ya tatu, watu wanaanua matanga. Nilikuwa na uchungu, na uchungu ukitafuta pa kutokea hauchagui mlango. Nikasimama mbele za watu, nikamnyooshea kidole: "Mama yako amezikwa na majirani. Na wewe ukiugua, uuguzwe na majirani. Mimi usiniite." Hakulia. Alichukua mkoba wake ukiwa bado na vumbi la safari, akageuka. Hajakanyaga tena Newala.

Neno la mjomba halitoki kwa simu. Mngedhani ningemwambia Masanja, mpe simu nimwambie yameisha. Haliendi hivyo. Kwetu linatolewa na mdomo uleule uliolitia, asubuhi, kabla mdomo haujapitisha kitu chochote, si chakula si maji. Unasukutua maji ya kisima cha ukoo, unampulizia mgonjwa kifuani, unasema: neno langu nimelitoa. Ukiwa umekula, umeshachanganya, neno linabaki palepale. Babu yangu alitufundisha hivyo na sikumuuliza kwa nini. Nyie mliwahi kuwauliza babu zenu kwa nini?

Kwa hiyo kabla ya Dar ilikuwa Newala. Nikapanda gari la Noa pale Masasi, tukapanda mlima. Kisima chetu kiko chini ya mteremko, njia ya mbuzi, na magoti haya. Nilishuka nikiwa nimekaa, kwa makalio, sioni aibu kusema. Nikamkuta Bi Nachinga, jirani wa marehemu dada yangu, ananawa miguu.

"Issa," akasema, "bomba lipo barabarani siku hizi. Unakuja kuvunjika huku kwa nini?"

"Nataka ya hapa."

"Ya kunywa?"

"Ya Somoe."

Akaacha kunawa. "Unakwenda kulitoa?"

"Nakwenda."

"Siku ile nilikuwa nimekaa karibu yako. Nilikuvuta kanzu, ukanitoa mkono."

"Nakumbuka."

"Haya. Umechelewa, lakini nenda." Akaichukua chupa yangu, akaijaza mwenyewe, akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote mpaka nikaogopa kitapasuka.

Masasi mpaka Dar, basi lililochemka

Jumatano basi liliondoka stendi saa kumi na mbili asubuhi. Mama Hawa alinifungia mihogo ya kuchemsha, na ming'oko, vile viazi vya porini, na kipakti kimoja cha korosho. Siku hiyo kula ilikuwa ruhusa, nikala tangu Ndanda. Aliyekaa nami alikuwa fundi cherehani wa Chiwata, akala nusu ya ming'oko yangu akinieleza jinsi mashati ya siku hizi yanavyoshonwa vibaya. Mtu mzuri, ila mikono mirefu.

Tulipopita Nangurukuru moshi ukaanza kutoka mbele. Rejeta. Dereva akasema dakika ishirini. Mimi nimezaliwa zamani, dakika ishirini za dereva nazijua. Tulikaa pale kwa muda wa saa nne. Wakatafuta maji ya kumwagia, maji hakuna. Konda akapita kwa abiria, kila mwenye chupa akatoa. Akafika kwangu, akaiona inachungulia kwenye mfuko wa rambo.

"Mzee, tusaidie hiyo."

"Hii hapana."

"Mzee, wote wametoa. Au unataka kulala hapa?"

"Sitaki kulala hapa kuliko ninyi wote. Lakini hii hapana."

Watu wakaanza kunong'ona. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Wazee wengine bwana, roho kama kokwa." Yule fundi cherehani niliyemlisha ming'oko akajifanya amelala. Nikaikumbatia chupa kifuani, nikatazama nje. Jua lilikuwa linashuka na mimi nahesabu: Dar bado, usiku uko katikati, kiwanja cha ndege sikijui mlango wake. Mwishowe lori likasimama, likatugawia dumu.

Konda alipopoa nikamuuliza, "Mwanangu, mtu akitoka Mwanza kuja Newala kwa basi, anatumia muda gani?"

Akacheka. "Mwanza mpaka Dar siku nzima na kipande. Dar analala stendi. Dar mpaka Masasi, hivi unavyoona. Halafu Newala. Akibahatika siku mbili, mzee. Asipobahatika usiulize."

Sikuuliza tena. Miaka minne nilikuwa najua Mwanza ni mbali kama ninavyojua mwezi uko mbali. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye jiwe kando ya njia ileile aliyopita Somoe na msiba wake mkobani, na nilikuwa sijafika hata Dar.

Kiwanjani, mbele ya mashine

Tulifika usiku, usiku huo siuelezi, nilikaa kwenye kiti cha chuma nikiwa macho. Alhamisi kabla hakujakucha nikaingia kwenye mstari. Njaa ilikuwa imeanza kunikwaruza, maana tangu ile mihogo ya mchana sikutia kitu. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa. Hata kupiga mswaki sikupiga.

Mnavua mkanda, mnavua viatu, kila kitu kinaingia kwenye mashine kama mahindi yanavyoingia kinuni. Mfuko wangu ukatokea upande wa pili, na askari wa kike akauvuta.

"Wa nani huu?"

"Wangu, mwanangu."

"Shikamoo babu. Hii chupa ina nini?"

"Maji."

"Fungua, unywe kidogo nione."

Nikashika kifuniko bila kukifungua.

"Babu, kunywa kidogo tu. Ni utaratibu."

"Asubuhi hii sinywi."

"Kwa nini?"

Sasa ningemwelezaje? Mstari wote nyuma yangu, bwana mmoja wa suti anaangalia saa, mimi miguu mitupu nimeshika suruali kwa mkono mmoja isishuke. Nikasema, "Ni mambo ya nyumbani." Hilo ndilo lilikuwa kosa. Ukimwambia askari "mambo ya nyumbani" na una chupa usiyotaka kuinywa, umejiandikia mwenyewe. Akaniita pembeni. Akamwita mkubwa wake. Kwenye spika wakatangaza ndege ya Mwanza, abiria wasogee.

Mkubwa akaja, mtu mnene, mpole, wale wapole ndio wa kuogopa. "Mzee, kama ni maji, shida iko wapi? Kama si maji, niambie sasa hivi ni nini."

"Ni maji ya Newala."

"Newala? Newala ninayoijua mimi maji yenyewe ya shida. Wewe unayatoa huko unayapeleka Mwanza kwenye ziwa?"

Yule askari wa kike akauma mdomo asicheke. Mimi sikuwa na cheko. Nikafungua kifuniko cha Bi Nachinga, nikamimina kiganjani, nikanawa uso, nikapaka shingoni, nikapaka kwenye macho haya nikayafumbua mbele yake. "Kama ni sumu, nimepofuka. Kunywa sinywi. Nina mgonjwa, maji haya ni yake, na mdomo wangu ni wake mpaka nimfikie."

Akaniangalia sana. Akainusa chupa, akajimiminia yeye kidogo kiganjani, akalamba. Akasubiri, nadhani aone kama ataanguka.

"Yana ladha ya jiwe," akasema. "Mwacheni apite."

Chupa ilikuwa imebaki nusu. Nikakimbia na viatu mkononi. Bure tu, maana ndege yenyewe ikakaa pale chini tukiwa tumeshafungwa mikanda, wanasema Mwanza kuna ukungu. Ilikuwa iruke saa kumi na mbili. Iliruka saa moja na nusu. Masanja alinipigia mara nne, mara ya nne akasema, "Mjomba, wamesema saa nne ni saa nne. Ikipita zamu yake, daktari anaondoka kesho safari." Halafu wakatuambia tuzime simu.

Juu

Kuruka kwenyewe sisemi sana. Unasukumwa mgongoni na kitu usichokiona, tumbo linabaki chini, halafu linakufuata. Nilishika kiti cha mbele mpaka mwenye kiti akageuka. Nilikaa katikati, na upande wa dirishani alikaa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo, anarudi kwake Mwanza kutoka semina. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia, daraja la kawaida. Wale wa mbele ya pazia walianza kupewa chakula kabla yetu. Hatukukiona, ila harufu haijui pazia.

Kisha kikaja kigari chembamba, na binti wa kilemba na tabasamu.

"Babu, chai au kahawa?"

"Asante mwanangu, sitaki."

"Juisi? Maji?"

"Sitaki."

"Umefunga?"

Nikafikiri kidogo. "Nimefunga."

"Basi nakuachia, utafuturu nayo." Akashusha ile meza ndogo ya mgongo wa kiti, ikanibana tumboni, akaweka trei, akaenda.

Sasa Mzee Chilumba, haya, sikiliza, hii ndiyo habari yako. Trei ni ndogo kama ubao wa mtoto wa chuo cha Kurani. Kuna yai la kukaanga limekunjwa kama bahasha, linatoa moshi. Kuna soseji moja fupi, nene, inang'aa. Kuna viazi vinne, nilivihesabu. Mkate wa duara mdogo, juu umepakwa kitu unawaka. Siagi ndani ya kikopo cha kidole gumba. Vipande viwili vya papai. Kikombe kimewekwa kichwa chini. Na kipakti cha korosho, kidogo, hata Mama Hawa angeona haya kukiuza. Uma na kisu vimefungwa pamoja na kitambaa cha karatasi, kama maiti wa wadudu.

Mmeona mbuzi amefungwa karibu na shamba la mihogo, kamba haifiki? Anavuta mpaka macho yanatoka. Mimi kamba ilifika. Ilifika na ikabaki. Yai lile lilikuwa shubiri moja kutoka mdomoni, na sina pa kugeukia, meza imenifunga kwenye kiti. Mate yalikuwa yanajaa, nikaogopa hata kuyameza, nikajiuliza mate ni kitu au si kitu.

Mwalimu alikuwa anakula vizuri, kwa furaha. "Karibu babu," akasema, kama mtu aliyelelewa. Halafu akaniona siguzi. "Soseji ni ya ng'ombe, nimeuliza."

"Si soseji, mwanangu."

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza yeye na yule askari nilimficha. Labda kwa sababu huyu alikuwa anatafuna, na mtu anayetafuna hana haraka ya kukuhukumu. Nikamweleza kisima, neno, saa nne. Akaweka uma chini.

"Na ukikosa?"

"Hapandi meza. Namjua, ni kichwa cha mama yake."

"Na asipopanda?"

Nikaitazama trei. Akafungua kile kitambaa chake cha karatasi, akatandaza juu ya trei yangu, akapigapiga pembe zikae. "Nakufunikia," akasema, "visikutazame."

Nilimshukuru kweli. Tukakaa. Akaniuliza tunalima nini, nikamwambia korosho, na hapo moyo ukatulia kidogo, maana habari za mikorosho naweza kuzisema nikiwa usingizini. Nikamweleza maua yanavyochomwa na ukungu, nikamweleza mabibo yanavyonuka njia nzima msimu ukiwa umekolea. Nikasahau kidogo nilipo. Ndege ilikuwa imetulia kama gogo.

Akafungua kipakti chake. "Kumbe hizi ni za kwenu. Sisi huku tunakula tu, hatujui nzuri ni ipi wala mbaya ni ipi." Akanimiminia kiganjani mbili tatu. "Hebu niambie, hizi nzuri?"

Nikachukua moja. Nikang'ata. Nikasikiliza jino.

"Imeshika unyevu," nikasema. "Hii ingerudi motoni. Aliyeifunga alikuwa na haraka." Nikameza.

Mwalimu alikuwa ananiangalia, mkono umesimama hewani. Mimi nikawa nasubiri aseme asante. Halafu nikaona macho yake, na nikajua.

Jamani. Yai nililishinda. Soseji niliishinda, na viazi vinne. Nilikataa kunywa mbele ya askari, nikakataa kumwagia rejeta. Nikaja kuangushwa na punje moja, mbovu, kwa sababu mkono huu na jino hili vimefanya kazi pamoja kila asubuhi bila kuniuliza mimi.

"Babu," akasema polepole, "ni mimi nimekuponza."

"Si wewe."

"Punje moja tu. Nani atajua?"

Wakaja kukusanya trei. Nikachukua ule mkate, nikauvingirisha kwenye karatasi, nikautia mfukoni, sijui kwa nini, labda kwa sababu kutupa mkate siwezi. Na niwaambie ukweli, kwani mmeuliza: nilipokuwa nautia mfukoni nilikuwa nimeshaamua kudanganya. Ningemsukutulia, ningepuliza, angepanda meza. Nikajiambia, mbele ya Mungu punje ni nini? Lakini nikijiambia hivyo, namsikia babu yangu ananyamaza.

Mwanza, saa nne kasoro

Tulitua saa tatu kasoro kidogo. Wakatuweka ndani, ngazi haijaja. Mwalimu akawaambia watu wa mbele, "Mpisheni babu, ana mgonjwa," na kwa sauti yake ya darasani wote wakasimama pembeni, hata yule wa suti. Masanja alikuwa nje na bodaboda wawili, mmoja wangu mmoja wake. Ziwa nililiona kwa jicho moja. Lingine lilikuwa na vumbi.

Tulipoingia wodini saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro kumi. Somoe alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, gauni la kijani, mikono imekonda mpaka bangili ya mama yake imepanda karibu na kiwiko. Nesi amesimama na faili.

"Shikamoo mjomba," Somoe akasema. Miaka minne, na kwanza akanipa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu."

"Ndiye huyu?" nesi akauliza. "Haya, mzee, fanya unachofanya, mlango ule ukifunguliwa mimi nasukuma."

Nikatoa chupa. Nikafungua, nikajaza maji mdomoni. Ya baridi, yana ladha ya jiwe kweli. Nikainama juu ya kifua chake. Akafumba macho, akasogeza gauni kidogo kama mtoto anayepakwa dawa. Aliniamini moja kwa moja. Nikasimama pale mashavu yamejaa, na sikuweza. Nikayameza.

Akafumbua macho.

"Somoe," nikasema, "nimekula."

Masanja akashika kichwa. Somoe akavuta gauni, akajifunika kifua.

"Ndani ya ndege. Chakula nilikiacha chote. Nikapewa korosho nikaing'ata, ile ya kuonja, kama ninavyomuonjea Mama Hawa. Nilikuwa nimekusudia kukuficha."

"Mjomba, punje moja..." Masanja akaanza.

"Nyamaza kwanza, Baba Tabu," Somoe akamwambia mumewe. Akanitazama. Mlango bado ulikuwa umefungwa. Mshale wa saa nausikia mimi peke yangu. "Ilikuwa nzuri?"

"Nini?"

"Hiyo korosho."

"Imeshika unyevu. Mama Hawa asingeifunga."

Akacheka kwa pua, akashika tumbo. Halafu cheko likamwisha usoni. "Mjomba. Siku ile nilipofika matangani, uliniuliza kama nimekula?"

"Sikukuuliza."

"Nilikuwa sijala tangu Singida. Nilipopata simu nilikuwa na hela ya basi tu. Nikafika, ukaninyooshea kidole."

"Nimepita njia hiyo, Somoe. Nusu yake tu. Sikujua."

"Na mimi nina neno," akasema. "Uliambiwa? Hukuambiwa, sijamwambia mtu. Kwenye basi la kurudi niliapa, mjomba Issa akifa nisije kumzika, nifike siku ya tatu kama alivyonisuta. Nimelala nalo miaka minne." Akanyoosha mkono. "Tangu jana jioni sijala, sijanywa. Daktari kanifunga mdomo. Humu ndani hakuna mdomo mkavu kuliko huu. Lete maji."

"Mgonjwa hanywi," nesi akasema.

"Sinywi. Nasukutua."

Nesi akaangalia saa, akaangalia mlango, akamwangalia Masanja, kisha mimi. Akachukua bakuli. "Asukutue, ateme. Nikiona koo linatembea, hapasuliwi leo, na mtajieleza kwa daktari wenyewe."

Nikamshikia chupa. Nikaiinamisha mno, maji yakamwagika shingoni mwake. Akatia kidogo, akasukutua, sote watatu macho kwenye koo lake. Koo likatulia. Bakuli hakulitaka. Akanivuta shati, nikainama, akanipulizia kifuani, ya baridi mpaka nikashtuka.

"Neno langu nimelitoa," akasema. "Na lako nimelitoa mimi, kwa mdomo wangu, kwani wako umekula."

Mimi sijawahi kusikia mpwa akimtolea mjomba. Hata leo sijui babu angesema nini. Nikasema tu, "Limetoka."

"Sista, twende," Somoe akasema.

Mlango ukafunguliwa, magurudumu yakalia.

Tulikaa kwenye benchi mpaka saa nane, Masanja na mimi. Alinunua chai na chapati, akaniwekea. Ikapoa. Shati lilikauka mwilini. Mara moja aliniambia, "Mjomba, kwetu sisi..." halafu akaacha, nami sikumuuliza. Saa nane daktari akatoka akivua kofia, akasema uvimbe umetoka wote na mgonjwa anapumua vizuri. Masanja akatoka nje kulia. Mimi nikala ile chapati.

Siku ya tatu wakamruhusu uji. Masanja alikuwa kazini, nikampelekea mimi. Nilipoinama mfuko ukagonga chuma cha kitanda, nikaukumbuka ule mkate. Ulikuwa umekauka kama gome. Nikauvunja, nikautumbukiza kwenye uji mpaka ukalainika, nikawa namlisha kijiko kwa kijiko, kwa mkono huu niliomnyooshea kidole.

"Mkate wa wapi huu?"

"Wa ndege."

"Wewe hukuula?"

"Mimi nilikula korosho."

Akafumba macho, akafungua mdomo tena.